Vyama vya Wasichana Shuleni: Kazi Yake na Faida Yake

Wazazi wengi waliopeleka binti zao katika shule za sekondari huuliza swali moja, na swali lenyewe ni la haki. Husema: "Nimeuza mazao yangu ili nimnunulie mtoto sare, godoro na madaftari, apate kusoma. Mbona nikifika shuleni jioni namkuta kiwanjani anarusha mpira, au ukumbini anaigiza mchezo, au bustanini anamwagilia miche? Kulima si alikuwa akilima nyumbani? Na kucheza, je, kwahitaji shule?"

Swali hili twalisikia vijijini, na walimu nao hulisikia kila siku ya wazazi. Basi katika habari hii twataka kueleza vyama vya shule za wasichana ni nini, vilianzaje, vyaendeshwaje, na kwa nini saa ile ya jioni si saa iliyopotea. Tena twataka kusema wazi ni wasichana gani wanaoikosa saa hiyo, maana hao ndio wanaotutia wasiwasi.

Neno letu kwa ufupi ni hili: darasani msichana hufundishwa kujua, na katika chama hufundishwa kutenda pamoja na wenzake. Darasani hujibu anapoulizwa. Katika chama hujifunza kuuliza mwenyewe, kusimama mbele za watu, kutunza fedha isiyo yake, na kukubali kushindwa bila kununa. Mambo haya hayamo katika karatasi ya mtihani, lakini ndiyo ambayo kijiji huyataka kwa mwanamke atakapokuwa mtu mzima.

CHAMA CHA SHULE HUENDESHWAJE

Chama cha shule si kundi la watoto wanaokusanyika ovyo. Chama kizuri kina mlezi, ambaye ni mwalimu. Kina mwenyekiti, karani na mweka hazina, ambao ni wasichana wenyewe waliochaguliwa na wenzao kwa kura. Kina siku yake ya kukutana katika juma, na kina daftari mbili: moja ya kuandika yaliyosemwa na kukatwa mkutanoni, na moja ya fedha.

Kazi ya mlezi si kutawala. Kazi yake ni kukaa kando na kutazama, akiona jambo linakwenda upogo alisahihishe, na akiona linakwenda sawa anyamaze. Mwalimu asemaye yeye peke yake katika kila mkutano hana chama. Ameongeza darasa jingine tu.

Tutoe mfano wa daftari ya fedha, ili wasiopata kuiona waelewe. Tuseme chama kina wanachama 40, na kila mmoja atoa shilingi 500. Jumla ni shilingi 20,000. Wakanunua mbegu za mboga kwa shilingi 6,000, na ndoo ya kumwagilia kwa shilingi 4,500. Yapasa zibaki shilingi 9,500. Mweka hazina asimama mbele ya wenzake 39, asoma hesabu, na kisha aonyesha fedha zenyewe mkononi. Zikipungua hata shilingi 100, ataulizwa. Msichana wa miaka 15 aliyekwisha ulizwa hivyo mara moja, akajibu kwa karatasi na si kwa machozi, amepata elimu kubwa. Siku atakapochaguliwa kutunza sanduku la kikundi cha akina mama cha kuwekeana akiba na kukopeshana, hataogopa daftari, wala hatadanganywa na mtu aijuaye kuliko yeye.

Vivyo hivyo karani. Yeye hujifunza kwamba neno lisiloandikwa hugombaniwa baadaye. Wazee wanaokaa katika mabaraza wajua ni mashauri mangapi ya mashamba na mipaka yameharibika kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeandika yaliyopatanwa.

MASKAUTI WA KIKE

Chama kimoja cha zamani katika shule za wasichana ni cha Maskauti wa Kike. Asili yake ni Uingereza. Baden-Powell alikuwa ameanzisha chama cha skauti kwa ajili ya wavulana. Mwaka 1909 maskauti hao walikusanyika kwa wingi mjini London, mahali paitwapo Crystal Palace, na katikati yao wakaonekana wasichana kadha wa kadha waliokuja bila kualikwa, wakadai kwamba na wao ni skauti. Watu wengine walichukizwa, lakini ombi lao halikuweza kukataliwa. Mwaka 1910 chama chao wenyewe kiliundwa, na dada yake Baden-Powell, aitwaye Agnes, akakisimamia. Basi yafaa tukumbuke kwamba chama hiki hakikuletwa kwa wasichana kama zawadi. Wao wenyewe walikwenda kukidai.

Tanganyika kilifika mwaka 1928. Mwaka huo huo vyama vya nchi mbalimbali viliungana kuwa chama kimoja cha dunia nzima. Kila mwaka tarehe 22 Februari, ambayo ni siku ya kuzaliwa Baden-Powell na mkewe Olave, maskauti wa kike wa nchi zote huwakumbuka wenzao. Baden-Powell mwenyewe alifariki Nyeri, nchini Kenya, tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko huko huko. Mkewe alifariki Uingereza mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa kuzikwa pamoja naye.

Mpango wa maskauti ni wa akili sana, nao waweza kutumiwa na chama chochote. Wasichana hawaongozwi wote kwa pamoja kama kundi la kondoo. Hugawanywa katika vikosi vidogo vya watu 6 au 8, na kila kikosi kina kiongozi wake aliye mwenzao kwa umri. Katika kikosi kidogo hakuna awezaye kujificha nyuma ya wengine. Kuni zisipoletwa, yajulikana ni nani hakuzileta. Hujifunza kufunga jeraha, kuwasha moto na kuuzima, kumwokoa mtu aliyezimia, kusoma ramani, na kupika chakula cha watu wengi. Anayefaulu katika ufundi fulani hupewa alama ya kushona katika nguo yake, wala hapewi kwa sababu ya cheo cha baba yake.

MPIRA WA PETE

Michezo ni mingi, lakini katika shule za wasichana wa nchi zetu mchezo ulioenea kuliko yote ni mpira wa pete. Wazazi huuona kila siku wala hawajui maana ya sheria zake, kwa hiyo tutaueleza kidogo.

Mwaka 1891 mwalimu mmoja aitwaye James Naismith alibuni mpira wa kikapu huko Springfield, Marekani. Baada ya muda mfupi mchezo huo ulifika Uingereza, katika chuo cha wanawake waliofunzwa kuwa walimu wa mazoezi ya mwili, kilichosimamiwa na Martina Bergman-Österberg. Huko ulibadilishwa kidogo kidogo hata ukawa mchezo mwingine, na mwaka 1901 sheria zake zilipigwa chapa. Walimu wanawake ndio waliouchukua kwenda nao nchi nyingine, na shule za wasichana zikawa nyumbani kwake.

Kila upande una wachezaji 7. Uwanja una urefu wa meta 30.5 na upana wa meta 15.25, na pete imefungwa juu ya mlingoti kwa kimo cha meta 3.05. Kila mchezaji ana herufi kifuani na sehemu yake ya uwanja, na akivuka mpaka wake huhesabiwa kosa. Wawili tu katika 7 ndio wenye ruhusa ya kufunga. Na sheria iliyo kubwa ni hii: aliyeshika mpira haruhusiwi kukimbia nao, wala kukaa nao zaidi ya sekunde 3. Hana budi kumpa mwenziwe.

Basi wasomaji watazame sheria hiyo vizuri. Msichana mwenye nguvu na mbio kuliko wote hawezi kushinda peke yake. Akishika mpira lazima amtafute mwingine. Mlinzi aliye nyuma hafungi hata bao moja katika maisha yake ya shule, lakini bila yeye timu haishindi, na wenzake wote walijua hilo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tena pigo la filimbi ni hukumu. Mwenye kubishana na mwamuzi huiletea timu yake hasara. Haya ni mafunzo ya ushirika na ya utii wa sheria, ila hufundishwa kwa miguu na mikono badala ya ubao.

Katika Tanzania michezo ya shule za sekondari huunganishwa katika mashindano yaitwayo UMISSETA, ambayo huanzia chini shuleni na wilayani, hupanda mkoani, hata yafike taifa. Kwa wasichana wengi safari ya kwanza ya kutoka katika wilaya yao huwa ni safari ya mchezo. Na mchezo huu umefika mbali. Mwaka 2023 mashindano ya dunia ya mpira wa pete yalifanywa Cape Town, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufanywa katika bara la Afrika. Timu ya Uganda ilipata nafasi ya 5 katika dunia nzima. Hapana shaka kwamba timu kama hiyo haichipuki siku moja. Asili yake ni viwanja vya udongo vya shule, na walimu waliokubali kubaki baada ya saa za kazi.

MDAHALO, NA CHAMA CHA TUSEME

Sasa twafika katika jambo ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko mengine, nalo ni kusema.

Wasichana wengi wamelelewa kwamba adabu ni kunyamaza. Adabu ni njema, wala hatuwaambii waiache. Lakini kuna kunyamaza kwa heshima, na kuna kunyamaza kwa hofu, na mtu mzima asipotofautisha mambo hayo mawili aweza kudhani kwamba mtoto ametulia, kumbe ameumia.

Mdahalo huanza kuondoa hofu. Hoja moja hutolewa, kwa mfano kwamba maisha ya kijiji ni bora kuliko ya mji. Wasemaji wa upande mmoja huiunga mkono, na wa upande wa pili huipinga. Mwenyekiti hulinda utaratibu, na mtunza saa hupiga kengele dakika za msemaji zikiisha. Anayetaka kusema huinua mkono na kungoja kuitwa. Mara nyingine msichana hupangwa kuutetea upande asioupenda, na hapo ndipo hujifunza kwamba mtu aliye kinyume chako naye ana sababu zake. Wazee wataona mara moja kwamba hili si jambo geni: ndio utaratibu wa baraza lenyewe.

Chama cha pili ni kile kiitwacho Tuseme. Hiki kilizaliwa Tanzania mwaka 1996, kwa kazi ya walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, ambao ni waandishi wa michezo ya kuigiza wanaojulikana sana. Waliona kwamba wasichana wengi wa sekondari wana shida zinazowazuia kusoma, lakini hakuna aliyewauliza wenyewe shida hizo ni zipi. Baadaye shirika la FAWE, ambalo ni la wanawake wa Afrika wanaoshughulikia elimu, na makao yake makuu yako Nairobi, liliupeleka mpango huo katika nchi nyingine nyingi za Afrika. Jina lake halikutupwa. Hata mahali wasipojua Kiswahili, chama huitwa Tuseme.

Utaratibu wake ni huu. Kwanza wasichana hukaa pamoja na kutaja yanayowazuia. Pili huyachungua: shida hii chanzo chake nini, na ni nani awezaye kuiondoa? Tatu hutunga mchezo, wimbo au ngoma kuhusu shida hiyo, bila kumtaja mtu kwa jina. Nne huucheza mbele ya wanafunzi wote, walimu, wazazi na wakubwa wa mahali. Tano, na hapa ndipo penye kiini, baada ya mchezo watazamaji hawaendi zao. Hubaki wakazungumza juu ya waliyoyaona, na kukata shauri la kufanya. Mwisho chama hubaki kikifuatilia kama yaliyoahidiwa yametimizwa.

Mambo yanayotajwa ni yapi? Ni njia ndefu ya kwenda shuleni, na wanaume wanaowangojea njiani kwa vijizawadi na nauli. Ni mwalimu anayemwita msichana mahali pasipo watu. Ni vyoo visivyo na mlango wala maji, hata msichana aliye katika siku zake za mwezi aone heri kubaki nyumbani. Ni kazi za nyumbani zinazomwisha usiku kabla hajafungua daftari. Ni mahari inayozungumzwa huku mwenye kuozwa yuko darasani.

Haya ni mambo ambayo mtoto mmoja hawezi kumwambia baba yake ana kwa ana. Lakini wasichana 20 wakiyaigiza uwanjani, hakuna aliyesema, na wote wamesema. Baba aliyeketi pale hakushitakiwa na mtu, lakini ameona. Ndiyo hekima ya mpango huu, nayo si ngeni kwetu, maana tangu zamani ngoma na hadithi ndizo zilizobeba maonyo ambayo mdomo mtupu usingeweza kuyabeba.

Tena sheria iko. Tangu mwaka 2016 sheria ya elimu ya Tanzania imeweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu ampaye mimba mwanafunzi au amwoaye. Na Novemba 2021 serikali iliamua kwamba msichana aliyeacha masomo kwa ajili ya uzazi aweza kurudi shuleni. Lakini sheria haitembei yenyewe. Hungoja mtu wa kusema, na mtu wa kusikia.

BUSTANI NA MITI

Wako wazazi wasemao kwamba kulima mtoto amekwisha jifunza nyumbani. Ni kweli, lakini nyumbani hulima kama alivyoambiwa. Katika chama cha bustani hulima tuta moja kwa samadi na tuta la pili bila samadi, akapima mavuno ya kila moja, akaandika. Kwa njia hii hujua sababu, na mwenye kujua sababu aweza kuwafundisha wengine.

Kenya vyama vya namna hii viliitwa 4-K, maana yake Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vilianzishwa mwaka 1962, vikafifia baadaye, na mwaka 2021 serikali ikavifufua mashuleni. Hapa Tanzania, mwaka 1991, Jane Goodall, yule mama aliyechungua maisha ya sokwe wa Gombe, alikutana na wanafunzi 12 barazani kwa nyumba yake Dar es Salaam, wakazungumza juu ya wanyama na mazingira wanayoyaona yakiharibika. Kutokana na mazungumzo yale kilizaliwa chama cha Roots & Shoots, ambacho kimeenea katika nchi nyingi za dunia. Kilianza na watoto 12 na baraza moja. Basi mwalimu mwenye wanafunzi wachache asione haya kuanza.

Na tumtaje Wangari Maathai wa Kenya. Alipokuwa msichana katika shule ya misheni ya Mtakatifu Sesilia, Mathari, Nyeri, alikuwa katika chama cha Legio ya Maria, ambacho wanachama wake humtumikia Mungu kwa kuwatumikia watu. Kisha alisoma shule ya wasichana ya Loreto, Limuru. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, na mwaka 2004 akapewa Nishani ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Hatusemi kwamba chama cha shule ndicho kilichomfanya awe vile. Lakini kazi aliyoifanya ukubwani ilikuwa kazi ya vikundi: wanawake wachache wachache, kila kikundi na kitalu chake, na hesabu ya miche iliyoota.

MALALAMIKO YANAYOSTAHILI KUJIBIWA

Sasa tuyajibu malalamiko bila kuyaficha, kwa maana mengine yana kweli ndani yake.

La kwanza, kwamba vyama hula wakati wa masomo. Jambo hili hutokea pasipo na mpango. Msichana aliye katika vyama vitano hana chama hata kimoja. Ana mbio tu. Shauri letu ni kwamba kila msichana awe na vyama viwili, kimoja cha mwili na kimoja cha akili au ufundi, na mikutano isipite saa moja na nusu. Darasa la mtihani lipunguziwe, lakini lisikatazwe kabisa, maana mwili uliokaa kitini tangu asubuhi hata usiku hauhifadhi kitu.

La pili, kwamba nguo za michezo hazina heshima. Jawabu lake ni jepesi. Suruali ndefu na kilemba havimzuii mtu kurusha mpira. Wazazi na mwalimu wapatane juu ya vazi, na msichana asiachwe kando kwa sababu ya kipande cha nguo.

La tatu, kwamba msichana akizoea kusema shuleni atarudi nyumbani hana adabu. Twawaomba wazazi watazame vizuri. Aliyefunzwa mdahalo amefunzwa kungoja zamu yake, kutomkatiza mwenziwe, na kutoa sababu badala ya matusi. Wengi wetu tulio watu wazima twahitaji mafunzo hayo.

La nne latoka kwa walimu, nao wana haki: kazi ya mlezi huongezwa juu ya mzigo wa kufundisha, wala mara nyingi hana msaada. Kwa hiyo mkuu wa shule asimpe mwalimu mmoja vyama vitatu. Tena kijijini wako watu wenye ufundi: fundi cherehani, muuguzi wa zahanati, bwana shamba, bibi ajuaye kusuka mikeka. Waitwe wafike mara moja kwa mwezi. Watakuja kwa furaha, kwa maana mara chache shule huwaita watu wa kijiji kwa jambo lisilo mchango wa fedha.

WASICHANA WASIO NA SAA YA JIONI

Tumesema mwanzoni kwamba wako wasichana wanaotutia wasiwasi. Hao ni wa shule za kutwa, wanaolala nyumbani.

Msichana wa bweni ana jioni yake. Wa kutwa hana. Kengele ikilia yampasa atembee saa moja au zaidi, ateke maji, atwange, apike, amwangalie mdogo wake. Na ndugu yake mvulana wa darasa lile lile yuko uwanjani akicheza mpira. Chama kikikutana saa kumi jioni, kwake ni kana kwamba hakipo. Na kumbe ndiye anayepita njia ndefu, ndiye anayekutana na wale wanaomngojea njiani, ndiye ambaye posa yake huzungumzwa karibu na masikio yake. Anayehitaji Tuseme kuliko wote ndiye asiyeipata.

Jambo hili halitengenezwi na walimu peke yao. Lahitaji mapatano ya shule na kijiji, nayo si magumu. Walimu waweza kuweka saa ya vyama katikati ya mchana, mara moja au mbili kwa juma, badala ya jioni, ili kila mmoja aweze kuhudhuria. Wazazi waweza kumwachia binti alasiri moja katika juma bila ndoo, na ndoo ile achukue kaka yake; haitamvunja shingo. Wasichana wa njia moja waweza kufungwa katika kikosi kimoja, kama maskauti wafanyavyo, waende pamoja na kurudi pamoja chini ya kiongozi wao.

Na wakubwa wa vijiji wana kazi yao. Chama cha shule kikiomba nafasi ya kucheza mchezo wake mbele ya mkutano wa kijiji, kipewe nafasi hiyo mwanzoni mwa mkutano, kabla watu hawajachoka. Mchezo ukiisha, mzee asiwaambie tu kwamba wamecheza vizuri. Aulize: "Mliyotuonyesha hapa, ni mambo yanayowapata?" Kisha anyamaze, angoje jibu. Na jibu likitoka, karani wa kijiji aliandike, lisomwe tena katika mkutano unaofuata, watu waambiwe ni lipi lililofanywa na lipi bado.

Samaki mkunje angali mbichi. Mama atakayetunza fedha za kikundi, atakayesimama barazani kutetea shamba la mayatima, atakayeandika barua ya kijiji kwa wilaya, leo yuko kidato cha pili. Mzazi akipata nafasi ya kufika shuleni siku ya vyama, asimame kidogo penye mkutano wa binti yake, na akirudi naye nyumbani wakati wa likizo, amwombe amsomee daftari ile ya hesabu, mstari kwa mstari.